Kwa Binti wa Kaka Yangu, Mintarafu ya Vidonge

Lilongwe

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimefahamu ya kuwa, tangu mimba yako ilipojulikana, majirani wa hapo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hawakupi nafasi ya kupumua, huyu akidai kwamba dawa za sonona humlemaza mtoto tumboni, yule akinena kwamba mwenye imani hahitaji vidonge, hata wewe ukaifunga pakiti katika pembe ya kitenge na kuificha chini ya godoro, mumeo asiione.

Hofu yao siidharau, kwani ina asili yake. Kati ya 1957 na 1961 wajawazito wengi wa Ulaya walipewa thalidomaidi kutuliza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na viungo vilivyodumaa. Na hata leo sodiamu valproeti, wapewayo wenye kifafa na baadhi ya wagonjwa wa akili, yajulikana kuwa yaweza kudhuru uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Walakini kosa la dawa moja haliwi hukumu juu ya dawa zote, madhali dawa kadhaa za sonona zimetumiwa na wajawazito wengi, na aghalabu watoto wao huzaliwa wazima. Kwa hiyo kila dawa na iulizwe kwa jina lake.

Wala usidhani kwamba kuacha dawa hakuna hatari. Mama aliyezama katika sonona chakula hakimpiti, usingizi haumjii, kliniki haendi, na mtoto wake aweza kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito haba. Na mwenye kutupa vidonge kwa ghafla huenda maradhi yakamrejea kwa nguvu, pengine katika wiki zile za mwanzo baada ya kujifungua. Wala hu peke yako: Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito kama 16 katika kila 100, na waliojifungua kama 20, hupatwa na maradhi ya akili. Itakuwaje ajabu basi yakizuka Dzaleka, palipokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, pakakusudiwa watu wapatao 10,000, ilhali leo wamezidi 50,000, na wengi wao wameyakimbia mauaji ya Kongo na Burundi?

Wakikutisha kwa kukutajia Zomba na hospitali yake ya wagonjwa wa akili, wajibu kwa adabu kwamba maradhi haya hutibiwa hata hapa Lilongwe, ambako watawa wa Mtakatifu Yohane wa Mungu wana huduma yake. Maombi usiyaache, lakini aombaye Mola siha hakatazwi kupokea sababu ya siha.

Nakusihi, basi, usiache kidonge wala usiongeze kwa shauri la jirani. Mwambie mumeo ukweli wote, kisha mwende pamoja zahanati ya kambi, na pakiti yenyewe na kijitabu chako cha afya mkononi. Umuulize tabibu jina la dawa, kipimo chake, na kama ipo iliyo salama zaidi. Na ukijiwa na fikira ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kupambazuke: mwamshe mumeo, mwende hospitali saa ile ile.

Wasalaam,
Shangazi yako