Sehemu ya 11: Muvi iliyomsahau mtoto

Nimetoka zamu ya usiku, niko nyumbani hapa Horohoro, watoto wameshakwenda shule, chai iko mezani. Leo siongelei homa wala uji wa lishe. Naongelea muvi. Msinikimbie, tutafika kwetu.

Kuna tamthilia ya Marekani inaitwa The X-Files. Ilianza 1993, ikaisha 2002, sizoni 9. Wapelelezi wawili wa FBI, Mulder na Scully, wanachunguza mambo yasiyoelezeka: viumbe wa sayari nyingine, watu wanaochukuliwa wasijulikane walipo. Scully ni daktari, na mi nilimpenda kwa hilo.

Dada yangu alimpenda kwa jambo jingine. Scully aliambiwa hatazaa. Akaja akampata mtoto, William. Halafu, kwa kuwa mtoto alikuwa anawindwa, akamtoa alelewe na watu wengine ili awe salama. Tamthilia ikaisha hivyo, mama huku, mtoto kule.

Dada alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kiume. Mimba ilifika miezi tisa, mtoto akazaliwa kimya. Alizikwa siku ileile, na sisi wa nyumbani tukafunga midomo. Tuliambizana, "Tusimkumbushe." Kama vile alikuwa amesahau!

Muvi ya kuendeleza tamthilia ilitoka 2008. Sisi tuliipata 2011, nikiwa mwanafunzi wa diploma ya uuguzi, kwenye kibanda cha sidii Ngamiani, Tanga mjini. Nikaja nayo nyumbani, tukawasha deki, dada kakaa chini na bakuli la mihogo. Alikuwa anamsubiri William.

Yani jamani. Viumbe wa angani hakuna. Kuna theluji, kuna mpelelezi wa kike aliyepotea, kuna watu wanaoiba viungo vya binadamu. Mashabiki wengi walilalamikia hilo. Mi nililalamikia hospitali. Scully sasa anatibu mtoto mwenye ugonjwa wa Sandhoff. Huo ni wa kurithi: mwili unakosa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta, yanajikusanya, yanaua seli za ubongo na uti wa mgongo. Wazazi wote wawili wanakuwa wamebeba hitilafu hiyo bila wao kuumwa. Hauna tiba ya kuuponya. Scully anakesha kwenye kompyuta akisoma habari za seli shina, na punde yuko chumba cha upasuaji. Nikacheka. Huku kwetu hata kubadili dozi kuna fomu ya kujaza.

Dada hakucheka. William alitajwa pale Mulder na Scully wako kitandani. Maneno machache, basi, wakaendelea na kesi. Muvi ilipoisha dada akaniuliza, "Na mtoto je?"

Nikamjibu, "Si wamemtaja?"

Akasema, "Mara moja. Kama nyinyi."

Sikuwa na la kusema. Nikaokota bakuli nikaenda kuliosha.

Nataka niwaambie ukweli, mimi muuguzi wenu. Hata baada ya usiku ule, nilipoanza kazi wodi ya wazazi, niliwahi kumwambia mama aliyepoteza kichanga, "Usijali, Mungu atakupa mwingine." Alinigeuzia mgongo akatazama ukuta. Hapo ndipo nikamwona dada. Muvi ile ilimpa Scully mtoto wa mtu mwingine wa kumpigania, kana kwamba ataziba pengo la wake. Na mimi nilifanya hivyohivyo kwa mdomo wangu.

Siku hizi nauliza, "Ulikuwa umemchagulia jina?" Nauliza kama anataka kumwona, kumshika. Asiyetaka simlazimishi. Halafu namweleza jambo ambalo wengi hawaambiwi: maziwa yatakuja hata kama mtoto hayupo, mara nyingi siku ya pili mpaka ya tano. Vaa sidiria inayokushika vizuri, weka kitambaa cha baridi, usiyakamue mpaka yaishe maana yatazidi kutengenezwa. Kamua kidogo tu ukizidiwa. Ukipata homa, au titi likiwa jekundu na lina maumivu makali, njoo hospitali. Usikae nyumbani ukiona haya.

The X-Files ilirudi kwenye televisheni 2016, na safari hiyo Scully na Mulder walimzungumza mtoto wao, wakamwaza, wakamlilia. Nilimpigia dada nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Walichelewa, lakini afadhali."

Tukaongea saa nzima. Habari ya muvi iliishia pale. Tulimwongelea mwanawe, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza.

Kama kwenu kuna mama wa namna hii, leo muulize jina la mtoto. Akilia, mwache alie, kaa naye tu. Na kama mama huyo ni wewe, liandike hapa chini. Nitasoma yote nikiamka.