Kuziba si Kuunga

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta imekaririwa darasani hata makali yake yamefifia. Aghalabu mkazo huwekwa kwenye wakati: heri mapema kuliko baadaye. Lakini lipo suala jingine ambalo methali hiyo haikulitaja, nalo ni namna ya kuziba. Kwa fundi wa vyombo vya akriliki, suala hilo ndilo kiini cha kazi yote.

Fikiria, ewe msomaji, tangi la samaki wa maji ya chumvi lisilo na tundu la kutolea maji. Ukingoni mwake huning'inizwa kisanduku cha akriliki chenye vyumba viwili, kimoja ndani ya tangi na kingine nje, huku mrija uliopindwa mfano wa herufi U ukivusha maji kutoka hiki hadi kile. Maji ya juu, yenye utando wa uchafu, huingia kupitia meno yaliyochongwa, yakavuka, yakateremka kwa bomba hadi tangi la chini lenye vichujio, kisha pampu huyarejesha juu. Mzunguko huo haulali. Chumba cha nje kikivuja, maji humwagika sakafuni, tangi la chini hupungukiwa, na hatimaye pampu huvuta hewa.

Hata hivyo, mvujo wa maji ya bahari una shahidi wake. Kila lita hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na tone likikauka chumvi hubaki. Fundi mwenye subira huufuata mstari huo mweupe kwenda juu hadi unapoanzia. Pengine akagundua kuwa akriliki haina hatia, bali mpira wa kuzuia maji penye maungio ya bomba ndio uliochakaa, au nati imekazwa kupita kiasi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mombasa aliufuata mstari huo, ukamfikisha kwenye pembe ya kisanduku ambapo mbao mbili za akriliki zilikuwa zimeanza kuachana. Tangini mwake mlikuwa na samaki wadogo waliovuliwa kwa nyavu katika matumbawe ya pwani. Walikwisha kuondolewa baharini. Hawakuwa na pengine pa kukimbilia.

"Mjomba, paka silikoni tu, yaishe," mpwa wake alimshauri.

"Silikoni hushikana na kioo, mwanangu. Na akriliki haishikani vyema. Itakaa wiki, labda mwezi, kisha itabanduka kama gamba, nasi tumelala."

Alizima pampu, akakitoa kisanduku na kukiosha kwa maji baridi. Samaki walibaki tangini, pampu ndogo ya hewa ikiwapa pumzi. Hakugusa spiriti wala dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, kwani hizo huweza kuiachia akriliki nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui. Alikiacha kisanduku kikauke siku mbili, maana unyevu uliojificha ndani ya ufa huharibu kiungo. Kisha, akiwa barazani penye upepo, alidondosha kwa sindano nyembamba kiyeyushi chepesi kama maji kwenye mdomo wa ufa. Kiowevu kikajivuta chenyewe hadi ndani. Upepo ule haukuwa anasa: mvuke wa viyeyushi hivyo ni hatari, na dikloromethani, inayopatikana katika baadhi yake, iliwekewa kanuni nchini Marekani mwaka 2024 ya kuikomesha katika bidhaa za matumizi ya nyumbani.

Kiyeyushi hicho si gundi kwa maana ya kawaida. Hulainisha nyuso mbili za akriliki zikaingiana, kisha chenyewe huvukiza na kutoweka, zikabaki kitu kimoja. Hapa ndipo Kiswahili kinapodai kitenzi kingine. Tundu la panya huzibwa. Mfupa uliovunjika huungwa. Anayeziba huleta kitu cha nje na kukiegemeza juu ya kasoro. Anayeunga huzirudisha pande mbili zilizoachana zishikane zenyewe, na kazi hiyo hudai kwanza usafi, ukavu na muda. Ndiyo maana wengi huchagua kuziba, iwe ni kisanduku, iwe ni ugomvi wa ndugu.

Mwalimu alingoja saa 48. Mpwa aliuliza mara kadhaa iwapo hazijatosha. Mjomba wake alimweleza habari za AquaDom, tangi kubwa la akriliki katika hoteli moja ya Berlin, lililopasuka alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022. Lita zipatazo milioni moja zilimwagika, na katika samaki 1,500 hivi waliokuwamo, walionusurika walikuwa wachache mno. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo kimoja kwa yakini. Aliyesikia kisa hicho, alisema mwalimu, haoni uzito kuongeza usiku mmoja wa majaribio.

Hivyo kisanduku kilijazwa maji, kikawekwa juu ya gazeti kavu hadi asubuhi. Kulipopambazuka, mpwa ndiye aliyetangulia kuamka. Alilipapasa gazeti kona zote nne, kisha akalipapasa tena, ndipo akamwita mjomba wake.