Meno Yangu na Tarakilishi

Leo tuache programu za simu kidogo, tuongee kuhusu meno yangu.

Ni ya kahawia. Nimekulia upande wa Nakuru, na maji ya kisima chetu yana floridi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa vimepita hapo. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa, ila hujaa na sharti ubadilishwe.

Sasa kuna fuwele za metali zenye vitundu vidogo mno, zilizowapa watafiti watatu Nobeli ya Kemia 2025. Miundo inayowezekana ni mingi, maabara haiwezi kuijaribu yote. Kwa hivyo tarakilishi hufunzwa kwa data ya zilizokwisha kupimwa, kisha ikisie zipi zitanasa floridi bila kuvunjika majini.

Nilijaribu mwenyewe. Modeli yangu ilisifu karibu kila kitu! Sababu? Data niliyookota ilikuwa ya majaribio yaliyofaulu tu. Yaliyoshindwa ni nadra kuchapishwa. Mashine itajuaje kosa ambalo haijawahi kuonyeshwa?

Nikiendelea kuyatafuta, mpwa wangu ana miaka miwili, na meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi. Jumamosi naenda nyumbani kubadilisha mkaa.

Tuonane wiki ijayo.