Goma: Mti Unaokua Juu ya Jiwe



Anayefika Goma mara ya kwanza hushangazwa na weusi wa ardhi. Ukuta wa parseli ni jiwe jeusi, njia ni jiwe jeusi, hata vumbi ni jeusi. Ni moto wa Nyiragongo uliopoa. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji hadi ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulisimama Buhene, mlangoni mwa mji. Juu ya jiwe hilo tumejenga tena, na juu yake tunapanda avoka.

Jiwe hili lina nyufa. Mvua ikinyesha, maji yanazama mara moja. Kwa hiyo, ijapokuwa mvua si haba, maji tunayafuata ziwa Kivu au kwenye bomba la mtaa: bidoni ya lita 20 mgongoni, au juu ya chukudu. Mara nyingi mgongo huo ni wa msichana. Sisi walimu tunamjua: ni yule anayeingia darasani wakati wenzake wamemaliza somo la kwanza, nguo imelowa begani.

Bidoni iliyomgharimu mtoto somo isimwagwe njiani baada ya kazi moja tu. Katika mitaa iliyo mbali na ziwa, kama Ndosho na Majengo, mti wa parseli unaishi kwa maji yaliyokwisha kufanya kazi: ya kuosha mboga, ya kuoga, ya kusuuza nguo.

Shimo ndiyo siri. Jiwe linavunjwa kwa nyundo, shimo linajazwa udongo ulioletwa kwa mifuko, pamoja na majani makavu na maganda ya ndizi na maharagwe. Vitu hivyo vikioza vinashika maji kama sifongo, yasikimbilie kwenye nyufa. Maji yamwagwe pembeni, chini ya ncha za matawi, si kwenye shina, kisha yafunikwe kwa majani.

Tuchague lakini. Maji yenye javeli au sabuni nyingi yanaunguza mizizi. Ya kusuuza mwisho ndiyo mazuri. Maji ya choo hapana kabisa. Wala tusiyamwagie mboga zinazoliwa mbichi. Yatumike siku ile ile, maana yakilala yananuka na kuzaa mbu.

Na mabati je? Mvua ya milimita 10 juu ya nyumba ya mita 5 kwa 6 ni lita 300, yaani bidoni 15 ambazo hakuna mtoto aliyezibeba. Moshi wa volkano hutia floridi katika mvua, na floridi nyingi huharibu meno ya watoto. Kwa hiyo maji ya mabati tuyape kwanza kazi ya kufua na ya miti, ili bidoni ya bomba ibaki kwa kunywa na kupika. Pipa lifunikwe.

Avoka ya mbegu hudai miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa. Lakini faida ya kwanza haingoji tunda: safari moja ya maji ikipungua asubuhi, msichana anakuta mwalimu bado anaandika tarehe ubaoni.