Neno Moja, Siku Thelathini

Nilipokuwa mwaka wa kwanza katika kitivo hiki, nilimpotezea mama mkubwa nafasi ya kutetea kiwanja chake. Sikuiba wala sikudanganya. Nilitafsiri vibaya neno moja tu.

Mama mkubwa alikuwa na parseli kule Katuba, aliyoachiwa na marehemu mume wake. Siku moja akatokea mtu na karatasi zake, akidai mahali pale ni pake. Kesi ikafika Tribunal de Grande Instance ya hapa Lubumbashi. Wakili wetu wa kwanza alikuwa na sauti nzito na Kifaransa cha kupendeza. Alipokuwa akisema, watu wa viti vya nyuma walitikisa vichwa. Mama mkubwa alitoka pale akitabasamu. Nikamuuliza, "Metre alisema nini?" Akajibu: "Sijue, lakini alisema muzuri."

Baada ya miezi kadhaa huissier akaleta karatasi nyumbani. Mimi ndiye mwana wa masomo, basi nikapewa niisome. Juu kabisa paliandikwa: "Signification de jugement". Nilikuwa nimetoka kufaulu mtihani wa semantiki, na katika daftari langu "signification" ni maana. Nikasema kwa uhakika: "Mama mkubwa, hii ni karatasi ya kueleza maana ya hukumu. Tuiweke tu." Akaikunja, akaitia katika sanduku la bati. Alijaribu kumpigia wakili wake simu, haikupokelewa.

Katika Kifaransa cha sheria, neno lile si maana. Ni kumkabidhi mtu hukumu rasmi, kwa mkono wa huissier. Na tangu siku ile, saa inaanza kutembea: sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai, ya mwaka 1960, inampa aliyeshindwa siku 30 za kukata rufani. Tulipofika kwa wakili wa pili, zilikuwa zimepita siku 52.

Huyu wa pili ni mama mwenye kabine ya chumba kimoja. Alisoma karatasi mara mbili, akachukua kalenda ukutani, akahesabu siku kwa kidole mbele yetu. Kisha akasema: "Mama, siku za kurudisha kesi zimekwisha. Nikikamata faranga yako leo, nitakuwa nakuiba." Mama mkubwa alilia. Metre hakuharakisha kilio kile. Alipotulia, akamweleza kesi yote tangu mwanzo: nani alidai nini, kwa nini karatasi za yule mtu zilipita zake, na kwa nini katika nchi yetu haki juu ya ardhi ya mjini inasimama juu ya cheti cha uandikishaji. Nilisikia mama mkubwa akisema polepole, "Aaah. Kumbe njo vile." Ilikuwa mara ya kwanza aelewe kesi yake mwenyewe, na ilikuwa imekwisha kupotea.

Kwa aibu, zaidi ya kwa kutaka pesa, niliomba kumsaidia Metre wakati wa likizo. Nikaona jinsi anavyofanya kazi.

Mawakili wetu wote huvaa toge moja nyeusi, huapa kiapo kimoja, na maadili ya kazi yao yanawazuia kujitangaza kama wauza sabuni. Basi mtu atajulikanaje katika mji wenye mawakili wengi? Wengine huchagua tawi: migodi, ambayo haikosi kesi katika Katanga, au biashara, hasa tangu nchi yetu ilipoingia OHADA mwaka 2012. Wengine huchagua sauti. Metre amechagua mteja aelewe. Kila anayeingia huambiwa kesi yake kwa Kiswahili, kisha huombwa airudie kwa maneno yake. Akikosea, wanaanza upya. Kabla hajatoka, huandikiwa kikaratasi: tarehe gani, mlango gani, alete nini. Kesi ya migodi ikija, humtuma mteja kwa mwenzake anayeijua vizuri zaidi.

Kazi yangu ilikuwa maneno. Nilidhani ingekuwa rahisi: nifungue kamusi, niandike "rufani", yaishe. Siku ya kwanza mzee mmoja kutoka Ruashi akaniuliza, "Rufani njo nini?" Kumbe Kiswahili sanifu nacho kinaweza kuwa Kifaransa cha pili. Tukaandika: kupeleka kesi kwa tribinali ya juu, mbele siku 30 haziye kwisha. Ni refu, lakini yule mzee aliirudia bila kosa. Chini ya "signification" niliandika mwenyewe, kwa wino mwekundu: umepewa hukumu mkononi, anza kuhesabu leo.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 18, inataka kila anayekamatwa aambiwe sababu katika lugha anayoielewa. Inasema juu ya aliyekamatwa. Mjane mwenye kesi ya parseli hana kifungu kama hicho cha kumlinda. Ana wakili wake tu, na pengine mtoto wa dada aliyepita chuo. Ndiyo maana siwezi tena kusikia wenzangu wakisema kwamba masomo yetu hayana kazi nje ya darasa.

Niliwahi kumuuliza Metre wateja wake wanatoka wapi, maana kibao chake kimefifia na mlango hauonekani kutoka barabarani. Akacheka: "Muulize mama yako mkubwa."

Ni kweli. Parseli haikurudi, leo mama mkubwa anapanga chumba kwa watu. Lakini jirani yeyote akiletewa karatasi na huissier, yeye huvaa kikwembe chake na kumsindikiza mpaka kwa Metre, aliyekataa faranga yake. Mwezi uliopita alipita nyumbani na jirani mmoja, karatasi mkononi. Nikanyoosha mkono niisome.

"Hapana, mwanangu," akasema kwa upole. "Kwanza tuhesabu siku."