Sauti Iliyokosa Fahirisi

Sauti ni nyepesi kuliko moshi, na watu wa kale hawakuwa na ghala ya kuiwekea ila masikio ya wenzao. Tangu kaseti ya Philips ilipotokea mwaka 1963, nyumba nyingi za Dar es Salaam zilipata ghala ya pili: utepe mwembamba upitao mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimeta 4.75 kwa sekunde, umebeba arusi, maulidi na hitima. Joto na unyevu wa Pwani viliudhuru polepole. Lakini palipoharibika ndipo palipoharibika, na pengine palisalimika. Sauti ya simu haina huruma hiyo. Aghalabu hupotea yote kwa mara moja.

Msiba huo uliifika nyumba moja ya Kariakoo. Usiku wa kuamkia arusi, katika chumba cha wanawake, bibi mzaa mama alihesabu nasaba ya ukoo hadi babu wa saba. Simu iliwekwa mkekani inase maneno yake, nayo ikazimika kwa kuishiwa moto kabla ya mtu kuisimamisha. Mwezi haukupita, bibi akafariki. Jina la faili lilionekana, na ukubwa wake pia, lakini halikusema neno.

Fundi wa kwanza alishauri simu ifutwe ianze upya, shauri baya kupita yote, maana kilichofutwa huacha nafasi ya kingine kuandikwa juu yake. Wa pili, kijana mwenye meza ya barazani hatua chache kutoka soko alilolisanifu Beda Amuli, lile lililoungua Julai 2021, hakugusa kitu kabla ya kulinakili faili mara mbili.

“Mama, sauti imo,” alimwambia mwenye simu, binti wa marehemu. “Kilichokosekana ni fahirisi.”

Simu nyingi huandika sauti kwanza; fahirisi, ionyeshayo kila kipande kinaanzia wapi, huja mwisho, kazi inapofungwa. Hii haikufungwa. Kijana akamwomba mama anene maneno machache katika simu ile ile, apate faili zima la kuwa kielelezo, na kwa mfano wake akalijengea lile bovu fahirisi mpya.

Kikasikika kikohozi, kisha vikombe vya muuza kahawa vikigongana njiani, kisha bibi. Alipofika kwa babu wa tano pakatokea mkwaruzo na kimya cha sekunde nne, kwani kadi ya simu ilikuwa imechakaa.

Kaka wa mama alitaka jina lijazwe. Alilijua, nalo laupeleka ukoo Kilwa. Dada yao mkubwa alijua jina jingine, la Mafia. Wala halikuwa jambo gumu: programu za siku hizi huiga sauti ya mtu kwa kusikilizishwa maneno yake kidogo tu, na marehemu angetamka lolote aliloandikiwa. Yamkini wajukuu wasingalitambua.

“Kilwa au Mafia, mama?” aliuliza kijana.

“Mwache apumue hapo,” alijibu.

Akaomba karatasi, akaandika majina yote mawili na jina la kila aliyeyasema, akaikunja pamoja na kadi mpya. Vikombe vya muuza kahawa navyo alikataa visafishwe.