Wafugaji Waislamu wa Ningxia

Ndugu msomaji, China inapotajwa, aghalabu fikra zetu huenda kwenye hariri na vyombo vya kaure. Leo nataka twende pamoja, kwa fikra, hadi kwenye zizi la kondoo.

Kaskazini-magharibi ya nchi ile, Mto Huang He upitapo baina ya milima ya Helan na majangwa, liko jimbo la Ningxia, ambalo tangu mwaka 1958 huitwa jimbo la Wahui. Wahui ni Waislamu wasemao Kichina. Baadhi ya wazee wao ni wafanya biashara wa Kiarabu na Kiajemi, na wengi ni askari na mafundi wa Asia ya Kati walioletwa na Wamongolia katika karne ya 13. Vita vilipopoa, askari wengi waliamrishwa wakae, walime na wafuge. Panga zikatundikwa, na fimbo za wachunga zikashikwa.

Mnyama wao mashuhuri ni kondoo wa Tan, mweupe wa mwili na mwenye mkia wa mafuta. Ngozi ya mwana-kondoo wa siku 35 hivi, ambaye sufu yake imejiviringa mfano wa mawimbi, hushonwa makoti ya baridi kali. Zamani, wafanya biashara wa Hezhou, ambao leo ni mji wa Linxia, walinunua sufu kwa Watibeti na Wamongolia, wakaiteremsha mtoni hadi Baotou juu ya vyelezo vya ngozi zilizojazwa pumzi. Tangu mwaka 1923 reli iliichukua kutoka hapo mpaka bandari ya Tianjin. Basi ngozi ya mnyama mmoja ikawa chombo cha kubebea sufu ya mwenziwe!

Lakini malisho yakachoka, na mchanga ukafunika mashamba. Mwaka 2003 serikali ilipiga marufuku kuchunga katika jimbo zima. Nyasi zikarudi, kondoo wakabaki zizini, wakiletewa majani na mahindi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Wahui hufuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, nasi wengi wa pwani ni wa Imamu Shafi. Madhehebu yote mawili yasema kwamba Zaka ya kondoo, mmoja katika 40, humlazimu mwenye wanyama wajilishao malishoni. Wanaolishwa zizini hawana Zaka hiyo. Ila wakiwa ni mali ya biashara, hutolewa robo ya fungu la kumi la thamani yao. Kwa hiyo amri iliyofunga malisho ilibadili hata hesabu ya haki ya maskini.

Je, mfugaji aliyekuwa akitoa kondoo mmoja kila mwaka afunge mkono wake? Lazima yaweza kuondoka, lakini mlango wa sadaka haufungwi. Na jirani mwenye njaa hajui kama kondoo alikula nyasi za bonde au mahindi ya zizini.

Wabillahi tawfiq.